Sauti Yako Bado Iko Jikoni

Mama,

Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Wewe siwezi kukuuliza. Nitakuambia tu ya kwangu na ya Ayuma, halafu nikuache upumzike. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke, ninaandikia juu ya debe lililofunikwa, na mkono wangu umechoka kama mimi mwenyewe. Unakumbuka nilipoanza lile darasa la watu wazima, baada ya bendera mpya kupandishwa, ukasema nisome haraka niwe diwani nikuletee barabara mpaka mlangoni. Diwani sijawa. Lakini barua naweza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, na pia kwa sababu kilikuwa chako. Sisi wengine hapa tulikiokota sokoni. Wewe ulitoka nacho kwenu Mumias ulipokuja kuolewa, kikiwa safi kama sufuria iliyosuguliwa na jivu, na ndicho ulichokuwa ukizungumza na mjukuu wako Ayuma mchana kutwa. Hicho Kiswahili chako ndicho kimetuletea maneno hapa nyumbani. Jina lako limesemwa sana, Mama, na wewe hukuwepo kujibu.

Siku ya kukuzika walileta ngoma za isukuti. Zilipoanza tu, Ayuma alishika masikio akakimbia. Watu wakasema, mtoto gani huyu, nyanya yake amelala pale na yeye hatoi hata chozi. Mimi sikuwa kaburini walipokushusha. Nilikuwa nikimtafuta. Nilimkuta ghalani, amejibana katikati ya magunia, anatikisa mwili mbele na nyuma. Nikachukua ile blanketi yako nzito ya kijivu, nikamzungushia nikaikaza kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni, vile ulivyonionyesha. Akatulia. Tukakaa humo mpaka ngoma zikaisha. Kwa hiyo mimi mke wa mwanao sikukumwagia udongo. Sijui kama ulijua.

Watu wa matanga walipoondoka, binti yako Doroka alibaki kunisaidia vyombo. Asubuhi moja nikampa Ayuma chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasema, "Bismillahi. Ah, sasa roho imerudi."

Mama, ilikuwa wewe. Ule mkwaruzo wa koo, ile "ah" uliyokuwa ukiivuta kama mtu anayetua mtungi. Doroka aliangusha sufuria akatoka mbio mpaka kwa kaka yake Zakaria, huku nyuma ameacha hata viatu.

Ulipokuwa hai Ayuma alikuwa akisemanga hivyo hivyo kila siku, na hakuna aliyesikia, kwa sababu mwenyewe ulikuwa umekaa hapo karibu ukisema yale yale. Sauti zenu zilikuwa zinafunikana. Ulipoondoka, moja ikabaki peke yake jikoni, na kila aliyepita akaisikia.

Na mimi niliipenda. Mvua ya mchana ikinyesha, kuni zote zimelowa, nimechoka mpaka meno, nilikuwa nampa Ayuma chai hata kama hajaitaka, nisikie tu ile "ah". Nilikuwa nageuza uso niangalie moto, ili nisione kwamba ni yeye.

Wewe ndiye uliyenifundisha mtoto huyu. Kabla yako nilikuwa namuuliza, "Ayuma, unataka nini?" Naye ananirudishia, "Ayuma, unataka nini?" kwa sauti yangu mwenyewe. Nilidhani ananidharau. Nilimchapa kwa hilo, unajua. Nilimpeleka akaombewa, nikampeleka zahanati, wakamwangalia masikio na ulimi wakasema kila kitu kiko sawa, nikarudi nyumbani na mtoto ambaye kila kitu kiko sawa na hawezi kuniambia tumbo linauma. Ukaniita ukanikalisha. Ukasema, "Mwanangu, wewe unasikiliza maneno. Maneno si yake, ameazima. Angalia alikuwa wapi siku aliyoyaazima."

Alipokuwa mdogo alijimwagia chai mkononi, ukamshika ukimwambia, "Polepole, polepole, chai ina moto." Siku ile nyingine alipokuwa akizunguka ua mzima akisema chai ina moto na chai haipo, mimi nilikasirika. Wewe ulimkalisha chini ukamkagua kuanzia kichwani, ukakuta funza kwenye kidole cha mguu. Tangu hapo nimejua. Akisema chai ina moto, natafuta panapouma.

Na "lete kiti changu, miguu inaniuma." Hayo ulikuwa ukiyasema kila ukirudi shambani, kabla hujakaa karibu naye mpukusue mahindi pamoja. Yeye kiti hakitaki. Anataka mtu akae naye. Nilifurahi sana siku nilipolijua hilo bila kuambiwa. Nilikuja kukusimulia nawe ukasema, "Haya, mwalimu," ukaendelea kuchambua mboga zako.

Sasa nikuambie kuhusu Zakaria. Usimkasirikie. Mwanao wa kwanza alikulilia kuliko wote, ila analilia ndani. Alianza kuja kila Jumapili akitoka kanisani, bado amevaa koti lake la mzee wa kanisa. Anakaa mbele ya Ayuma, kofia juu ya magoti, anasema, "Mama, ni mimi Zakaria. Umekasirika nini?" Ayuma anaangalia moshi unavyopanda. Akiwa na kikombe anajibu, "Bismillahi." Basi Zakaria anainamisha kichwa. Mnajua wenyewe mlivyobishana juu ya hiyo bismillahi miaka yote, kwamba ulibatizwa ukaolewa na bado ukishika kikombe unaisema. Na ndugu zako wa Mumias walipokuja mazishini wakaomba wakusomee dua kidogo, Zakaria ndiye aliyekataa. Kwa hiyo alipoisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtoto wa Kikristo, alijua moja kwa moja anasutwa na nani.

Akaamua. Alisema kuna mtu huko Matete anayetuliza waliokufa. Mtoto anaachwa kwake mpaka sauti imtoke, halafu anapewa jina la marehemu, anarudi. Nikauliza inamtokaje. Zakaria akachukua kofia yake akaenda. Doroka ndiye aliyeniambia baadaye, akiangalia chini: wanafungiwa kwenye moshi na hawapewi chakula.

Ayuma, Mama. Ambaye hali obusuma, huo ugali wetu, ikiwa mchuzi umeugusa. Ambaye nikibadilisha sahani tu siku nzima imeharibika. Afungiwe kwa mgeni, akisema chai ina moto, na yule mgeni aseme, bado marehemu anaongea, ongeza moshi.

Yohana wangu alikuja mwisho wa mwezi kutoka Kericho kwenye majani ya chai. Nilimngojea kama mtu anayengojea mvua. Alikaa jikoni akamsikia binti yake akinywa chai. Akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama Ayuma, hata mimi nimesikia. Ni mama yangu huyo. Nitamkatalia kaka yangu nikisema nini?"

Nilisema, "Sema ni mtoto wako."

Akasema, "Najua ni mtoto wangu. Lakini sauti si yake."

Wiki hizo sikula vizuri. Ningesema anaigiza tu, wangesema mke wa kuja ana haraka ya kumfukuza mama wa watu. Ningenyamaza, angeenda. Zakaria akapanga kwamba siku ya kukukumbuka, baada ya mavuno, watu wote wakiwepo, atakuuliza mbele yao. Ukijibu, kesho yake asubuhi anamchukua mtoto.

Siku hiyo ilikaribia nami nikafanya nilichoweza. Kila asubuhi nilimwambia Ayuma kwa maneno yale yale: watu watakuja, watakula, wataondoka. Nilimwonyesha pa kukaa, ukuta wa ghala, mgongo umeegemea, ungo wa mahindi mbele yake. Watu wengi humlemea kuliko ngoma. Akiwa na kitu mkononi na ukuta nyuma, anaweza kuvumilia. Hiyo pia ni yako, mimi niliongeza ungo tu.

Walikuja wengi. Wa Lubao, wa Mumias pia wawili. Kuku walichinjwa, nikapika mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Walipokwisha kula Zakaria akasimama, akavua kofia, akaenda mbele ya Ayuma. "Mama," akasema, "watoto wako tuko hapa. Sema haja yako."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikaomba asiseme kitu.

Akasema, "Lete kiti changu, miguu inaniuma."

Ua wote ukasimama. Wanawake wakaanza kulia. Vijana wakakimbia ndani wakatoa kiti chako kile cha ngozi, wakakiweka mbele yake wakirudi nyuma kama mbele ya moto. Ayuma hakukiangalia. "Lete kiti changu, miguu inaniuma." Wakanong'onezana, labda anataka kingine. Wakaleta cha Zakaria chenye mikono. "Lete kiti changu." Wakaleta benchi. Yule mzee wa Lubao, binamu ya baba mkwe, unamjua mdomo wake, akasema, "Huyu mama hata akiwa hai hakuwa wa kuridhika upesi." Watu wakacheka kidogo, wakaogopa.

Lakini mimi nilisikia sauti ya mtoto inavyopanda. Alikuwa ameacha mahindi. Ameanza kujitikisa, na kichwa kinakaribia ukuta. Nikajua bado kidogo aanze kukigonga, na akianza hatujui kitaisha lini. Nikaweka sinia chini. Mbele ya wazee wote wa mume wangu nikapita katikati ya viti vile, nikakaa mavumbini karibu naye, bega kwa bega. Sikumshika. Nikachukua gunzi nikaanza kupukusua.

Akanyamaza. Akachukua lake. Tukapukusua.

Zakaria akasema, "Mama Ayuma, ondoka hapo. Tunaongea na mama."

Nikasema, "Shemeji, mnaongea na Ayuma. Alikuwa anaita mtu akae naye. Sasa ameketi na mtu, ndiyo maana amenyamaza."

Nikawaeleza yote, habari ya chai, habari ya funza, kuazima maneno. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanaume. Walisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mwenye homa. Kisha Doroka akauliza kwa upole, "Na sauti, wifi? Maneno sawa. Sauti je? Hiyo ni sauti ya mama."

Nilikuwa na jibu na sikutaka kulitoa. Uelewe hapo, Mama. Nilijua nikilitoa, mimi pia nitalisikia. Niliangalia mikono ya Ayuma kwenye lile gunzi, nikamwona kwenye moshi wa watu. Nikamwambia msichana mmoja, "Lete karai lile la maji ya kuoga, lile ninalomwekea shemeji akija kulala hapa. Lete na maji."

Wakaliweka mbele yake. Nikamimina maji mimi mwenyewe, taratibu, yasikike. Ayuma akainua kichwa. Akasafisha koo kama mzee, akakohoa, akatoa sauti nzito kutoka tumboni:

"Huyu mtu ako wapi na maji yangu? Nitaoga reo ama kesho?"

Hata kuku hawakusogea. Halafu Yohana akacheka, chai ikamtoka puani. Yule mzee wa Lubao akamgeukia Zakaria akasema, "Pole sana, kijana. Kumbe na wewe ulishakufa, na hatukuletewa habari." Hapo watu wakaanguka. Wanawake waliokuwa wakilia walishikilia mbavu. Hata wale wa Mumias, kwa ile "reo" ya Zakaria.

Zakaria hakucheka. Alikaa polepole, akakikalia kiti chako bila kujua. Vicheko vilipopungua akaniambia kwa sauti ndogo, nafikiri mimi peke yangu nilisikia, "Kwa hiyo hajakasirika?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji. Lakini huyu si wa kumuuliza."

Aligeuzageuza kofia yake mkononi. Kisha akainuka, akaenda kwa wale ndugu zako wawili wa Mumias, akawapeleka kaburini kwako. Walisimama huko wakiinua mikono, naye akasimama nyuma yao na kofia yake. Sijui walisema nini. Aliporudi akamwambia Yohana mtoto hana haja ya Matete. Yohana akasema, "Hakuwa anaenda." Nilitaka kumrushia mwiko, kwa sababu hadi mchana ule alikuwa hajui kama anaenda au haendi. Lakini nilikusanya vikombe vyangu. Alisema mbele ya watu, yatosha.

Kwa hiyo nilishinda. Asubuhi yake nikawasha moto, nikampa Ayuma chai yake. "Bismillahi. Ah, sasa roho imerudi." Nami nikageuza uso kuangalia moto, kama nilivyozoea.

Hukuwepo. Nilisikia Ayuma, anayejua kuiga vizuri sana. Nikakaa hapo chini nikakulilia, kilio kile ambacho sikulia siku ya kaburi. Ayuma alipoona hivyo akaja akasimama karibu, akaangalia pembeni, akasema, "Polepole, polepole, chai ina moto." Hakunigusa. Nilitosheka.

Watu hapa wamekuwa wapole kwake tangu siku ile. Akipita sokoni vijana wanamwambia, mfanye chifu, mfanye mhubiri, na yeye hafanyi, kwa sababu hafanyi kwa kuombwa. Angalau hawamkimbii. Doroka bado akija anammiminia chai kabla ya watu wote, anainamisha kichwa asikilize. Namwachia. Mimi ndiye siwezi tena.

Kuna jambo moja limenifanya nichukue kalamu. Juzi kuku alipindua ungo wa Ayuma, mahindi yakatapakaa kwenye tope. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Nikasikia mwanamke anagomba. "Nimechoka na wewe. Nimechoka, nimechoka. Mungu alinipa nini mimi." Meno yamebanwa. Nikashangaa ni mke wa nani huyo anayeongea na mtoto hivyo.

Nilipozunguka, alikuwa Ayuma peke yake, amesimama juu ya mahindi.

Mama, sikujua kwamba ndivyo ninavyosikika.

Niliona aibu, nikataka kumwambia asiseme tena. Ndipo nikakumbuka ulivyonifundisha, nikajiuliza aliyaazima wapi. Aliyaazima kwangu, siku ambazo mambo yamenizidi. Kwa hiyo ndicho alichokuwa akiniambia. Mambo yamemzidi. Miaka yote nimekuwa nikichoka mbele ya huyu mtoto, na sikuwahi kufikiri kwamba naye huchoka, kelele, watu, ungo kupinduka, siku nzima kuazima maneno ya wengine ili tumwelewe. Huchoka kama mimi. Na neno alilonalo la kusema hivyo ni hilo nililompa.

Nimefikiria neno jingine la kumpa. Kwanza nilitaka liwe "mama yuko hapa." Halafu nikaona siku nikifa atalisema kwa sauti yangu, litakuwa uongo, na watu watamtafutia tena moshi. Lazima liwe neno litakalomfaa hata nikiwa sipo. Kwa hiyo tangu juzi, likitokea la kumzidi, nakaa chini karibu naye nasema, "Kaa kidogo, Ayuma. Inapita." Nalisema hata nikiwa nimebana meno. Najaribu kuyaachia.

Siwezi kukuahidi kwamba sitachoka, ungejua nadanganya. Nakuahidi nitakuwa mwangalifu na kile ninachokiweka mdomoni mwake, kwa sababu wewe uliweka vizuri, na siku moja atabaki na maneno hayo tu.

Lala salama kwako huko, Mama, na bismillahi yako. Moshi umeanza kuniingia machoni na jua linaondoka, naenda kuinjika maji. Leo mchana mvua ilipopiga mabati kwa nguvu alishika masikio, nikakaa, nikasema, kaa kidogo, inapita. Alinyamaza tu. Bado hajalichukua. Kesho nitalisema tena.

Mimi mke wa mwanao,
Mama Ayuma